Diwali na Daftari la Hesabu: Kuielewa Sikukuu ya Taa

Mwaka 2024 kulikuwa na nyumba za Wahindu zilizowasha taa za Diwali jioni ya tarehe 31 Oktoba, na nyingine zilizongoja hadi kesho yake, tarehe 1 Novemba. Wanazuoni wa dini na watunga almanaka walikuwa wamebishana kabla ya sikukuu, kila upande ukiwa na hoja zake. Msomaji aliyekulia katika mabishano ya mwezi mwandamo, baina ya wanaofuata mwezi ulioonekana nchini na wanaofuata ulioonekana kokote ulimwenguni, hatashangazwa sana na habari hiyo. Tofauti ni kwamba katika Diwali hakuna anayeutafuta mwezi kwa macho, kwa sababu sikukuu huangukia usiku ambao mwezi hauonekani kabisa. Ubishi wote ni wa hesabu, na ni afadhali kuanza na hesabu hizo, kwa maana anayezielewa ataelewa pia kwa nini sikukuu hii hubeba visa vingi visivyofanana, na kwa nini wenye maduka wa Kigujarati wa Afrika Mashariki wameifungamanisha na daftari la biashara kuliko na vita vya miungu.

Kalenda ya Kihindu huugawa mwezi katika vipande 30 vinavyoitwa tithi. Tithi moja ni muda ambao mwezi huuchukua kujitenga na jua kwa nyuzi 12 zaidi angani, na kwa kuwa mwendo wa mwezi hauko sawa siku zote, tithi moja inaweza kwisha baada ya saa 19 na nyingine ikafika saa 26. Kwa hiyo tithi haiingii usiku wa manane kama tarehe za Kizungu, wala magharibi kama tarehe za Kiislamu. Inaweza kuingia saa yoyote ya mchana au ya usiku. Diwali imewekwa kwenye tithi ya mwisho ya nusu ya giza, iitwayo amavasya, na ibada yake kuu hutakiwa kufanywa katika muda mfupi unaofuata kuchwa kwa jua. Mwaka 2024 amavasya iliingia India karibu na saa kumi alasiri ya tarehe 31 Oktoba, ikatoka saa kumi na mbili na robo hivi jioni ya tarehe 1 Novemba. Jua la Delhi siku hizo hukuchwa kabla ya saa kumi na mbili, basi amavasya ilizigusa jioni zote mbili na kila upande ukapata mahali pa kusimamia. Nairobi, ambako saa ziko nyuma ya India kwa saa mbili na nusu, tithi hiyo hiyo ilikuwa imekwisha tangu saa kumi kasorobo alasiri ya tarehe 1, jua likiwa bado juu. Kwa hesabu tupu ya anga la Kenya na Tanzania, jioni iliyostahili ilikuwa ya tarehe 31 peke yake. Lakini Mhindu wa Nairobi anaweza kufuata almanaka ya madhehebu yake iliyopigiwa hesabu India, na akifanya hivyo ubishi husafiri naye.

Hesabu hizo hizo ndizo zinazoeleza kwa nini Diwali haizunguki mwaka mzima kama Idi. Miezi 12 ya mwandamo hufanya siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kalenda ya Hijria huuacha upungufu huo uendelee, ndiyo maana Ramadhani huweza kuangukia masika, kipupwe au kiangazi. Kalenda ya Kihindu huufidia: kila baada ya miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mzima wa ziada, na sikukuu zikarudishwa mahali pake. Diwali ilikuwa tarehe 24 Oktoba mwaka 2022, ikaruka hadi 12 Novemba mwaka 2023 kwa sababu mwezi wa ziada ulikuwa umeingizwa katikati ya mwaka huo, kisha ikaanza tena kurudi nyuma hadi 20 Oktoba mwaka 2025, na mwaka 2026 mwezi mwingine wa ziada unaisukuma hadi 8 Novemba. Haitoki nje ya kipindi kinachoanza katikati ya Oktoba na kuishia katikati ya Novemba. Kwa wakulima wa India huo ni wakati ambao mvua za monsuni zimekwisha na mazao yake yanavunwa. Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi ni wakati ambao kusi imetulia na kaskazi inakaribia kuvuma, na habari ya pepo hizo itakuja mbele.

Kuna fundo moja zaidi la kalenda. Kaskazini mwa India mwezi huhesabiwa kuwa umekwisha unapokuwa mpevu. Gujarat, Maharashtra na kusini mwezi huisha unapofifia kabisa. Usiku wa Diwali ni mmoja kwa wote, lakini mtu wa Varanasi atasema uko katikati ya mwezi wa Kartik, na mtu wa Ahmedabad atasema ni usiku wa mwisho wa mwezi wa Ashvin, ambao yeye huuita Aso. Tofauti hii ingekuwa ya wanahesabu tu kama isingegusa mwaka wenyewe. Kalenda ya Vikram Samvat, ambayo iko mbele ya kalenda ya Kizungu kwa miaka 56 au 57, hubadilisha mwaka wakati wa majira ya Machi na Aprili huko kaskazini, ilhali kwa Wagujarati mwaka hubadilika asubuhi inayofuata usiku wa Diwali. Kwa hiyo Wahindu wengi wa India husherehekea Diwali katikati ya mwaka wao, na Wagujarati huisherehekea kama mkesha wa mwaka mpya. Nionavyo mimi, hapa ndipo penye ufunguo wa Diwali inayoonekana Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Kampala, kwa sababu Wahindu wengi wa miji hiyo wana asili ya Gujarat, pamoja na Kutch iliyo ndani yake, na walichokuja nacho ni mkesha wa mwaka mpya wa wafanyabiashara.

Kabla ya kufika huko ni lazima tupite kwenye visa. Kinachojulikana zaidi ni cha Rama, mwana wa mfalme wa Ayodhya, aliyepelekwa uhamishoni miaka 14, mkewe Sita akatekwa na Ravana mfalme wa Lanka, na baada ya vita Rama akamkomboa mkewe na kurudi kwao. Watu wa Ayodhya, kwa mujibu wa simulizi, walimpokea kwa safu za taa kwa kuwa usiku ulikuwa wa giza. Kisa hiki hushika sana kaskazini, na kinaunganishwa na Dussehra, sikukuu ya kushindwa kwa Ravana inayotangulia Diwali kwa siku 20 hivi. Ukienda Tamil Nadu utaambiwa habari nyingine kabisa: Krishna, akiwa na mkewe Satyabhama, alimuua Narakasura, dhalimu aliyewafungia wanawake maelfu, na Narakasura alipokuwa anakata roho aliomba siku ya kifo chake ikumbukwe kwa furaha. Ndiyo maana huko kusini Diwali yenyewe husherehekewa katika tithi inayotangulia amavasya, alfajiri, watu wakijipaka mafuta ya ufuta mwili mzima na kuoga kabla jua halijachomoza, kisha wakavaa nguo mpya. Maharashtra na Karnataka humkumbuka mfalme Bali, aliyekuwa mkarimu hata akakubali kumpa mbilikimo ardhi ya hatua tatu, asijue kwamba mbilikimo huyo ni mungu Vishnu; hatua mbili zikamaliza dunia na mbingu, na ya tatu ikatua kichwani pa Bali mwenyewe, akashushwa kuzimu kwa ruhusa ya kurudi kuwatazama watu wake mara moja kwa mwaka. Bengal usiku huo huo ni wa Kali, mungu wa kike wa kutisha mwenye ulimi uliotoka nje, na ibada yake hufanywa usiku wa manane.

Wajaini nao, ambao si Wahindu ingawa wameishi pamoja nao tangu zamani, huadhimisha usiku ambao mwalimu wao Mahavira aliiaga dunia na kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa upya, jambo ambalo mapokeo yao yanaliweka mwaka 527 kabla ya Kristo huko Pawapuri, Bihar. Kwa Masingasinga ni kumbukumbu ya kuachiliwa kwa Guru Hargobind kutoka ngome ya Gwalior, alikofungwa wakati wa mfalme Jahangir, na mapokeo yao yanasema alikataa kutoka peke yake hadi wana wa wafalme 52 wakaachiliwa pamoja naye. Nepal siku hizo huitwa Tihar, kunguru hupewa chakula siku ya kwanza, na siku ya pili mbwa huvishwa mashada ya maua shingoni.

Maelezo ya kawaida hujaribu kuvikusanya visa hivi vyote chini ya neno moja, ushindi wa nuru dhidi ya giza. Si uongo, na Wahindu wenyewe husema hivyo. Lakini maelezo hayo ni mapana mno kiasi kwamba hayamwezeshi mtu kuelewa analoliona: kwa nini mwenye duka anapaka daftari lake unga mwekundu, au kwa nini mlango wa nyumba unaachwa wazi usiku. Ni rahisi zaidi kuona kwamba kilichotangulia ni usiku wenyewe, usiku wa giza mwishoni mwa mavuno na mwishoni mwa mvua, ambao kila jamii imeutundikia kisa chake, na kwamba anayekuja kuabudiwa katika usiku huo, katika sehemu kubwa ya kaskazini na magharibi mwa India, si Rama wala Krishna. Ni Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema.

Lakshmi, kwa imani ya Wahindu, alitoka baharini miungu na mashetani walipoikoroga bahari ya maziwa wakitafuta kinywaji cha kutokufa. Ana sifa moja ambayo wafanyabiashara huielewa bila kufundishwa: hatulii mahali pamoja. Huja kwenye nyumba iliyo safi, yenye mwanga na isiyo na ugomvi, na huondoka vile vile bila kuaga. Karibu desturi zote za nyumbani za Diwali zinatokana na sifa hiyo. Wiki moja au mbili kabla, nyumba husafishwa hadi juu ya makabati, kuta hupakwa rangi, vyombo vilivyovunjika hutupwa. Kizingitini huchorwa rangoli, maua na nyota za unga wa rangi, na pembeni nyayo ndogo zinazoelekea ndani, kamwe haziwi za kutoka. Taa za udongo, ambazo Wagujarati huziita diva, hutiwa samli au mafuta pamoja na utambi wa pamba, zikapangwa madirishani, ngazini na ukutani. Taa moja mbele ya Lakshmi hulindwa isizimike hadi asubuhi.

Siku ya kwanza kati ya tano za sikukuu, Dhanteras, ni ya tithi ya 13 ya nusu ya giza, na watu hununua kitu cha madini: dhahabu kwa mwenye nacho, sufuria au kijiko cha chuma kwa asiye nacho. Siku hiyo pia humkumbuka Dhanvantari, tabibu wa miungu, na jioni huwekwa taa nje ya mlango ikielekea kusini kwa ajili ya Yama, mungu wa mauti, asibishe hodi kabla ya wakati. Siku ya pili Wagujarati huiita Kali Chaudas, na ina desturi ambayo haipatikani sana katika maelezo ya jumla. Mama wa nyumba hukaanga vada na puri, akazichukua chache hadi njia panda, akaziacha hapo, akamwaga maji kuzizunguka, na kurudi bila kugeuka nyuma. Kinachotupwa hapo ni kakalat, yaani chokochoko na ugomvi wa nyumba, ili Lakshmi akija kesho asiukute. Mtu wa pwani aliyewahi kukuta sadaka ya mganga kwenye njia panda atajua mara moja kwamba vitu hivyo haviguswi.

Kisha huja usiku wenyewe, na kwa mfanyabiashara wa Kigujarati ibada inayohesabika ni chopda pujan, ibada ya madaftari. Chopda ni daftari la hesabu la kimapokeo, refu, lenye jalada la kitambaa chekundu, ambalo hununuliwa jipya kwa ajili ya mwaka unaokuja. Familia na makarani hukaa chini dukani au hekaluni, daftari likiwa limefunguliwa ukurasa wa kwanza mbele ya sanamu au picha za Lakshmi, Ganesha na Sarasvati. Mkono wa kulia huchovya kidole kwenye kumkum, unga mwekundu uliolowekwa, na kuchora sathiyo, alama ya msalaba wenye ncha zilizopindwa ambayo Wahindu na Wajaini wameitumia kwa maelfu ya miaka kuashiria heri, kabla Wanazi wa Ujerumani hawajaichukua na kuiharibia jina. Kando yake huandikwa maneno mawili, shubh na labh, heri na faida, heri ikitangulia. Chini yake neno Shri, ambalo ni jina mojawapo la Lakshmi, huandikwa mara moja katika mstari wa kwanza, mara mbili katika wa pili, mara tatu katika wa tatu, na kuendelea hadi maandishi yanachukua umbo la piramidi. Juu ya ukurasa huwekwa jani la tambuu, popoo, sarafu, na punje za mchele. Wajaini huongeza mistari yao ya maombi katika daftari hilo hilo, wakiomba uwezo wa Gautam Swami, mwanafunzi mkuu wa Mahavira, utajiri wa Shalibhadra, akili ya Abhaykumar na nguvu za Bahubali.

Kuwepo kwa Sarasvati katika ibada hiyo kunastahili kuangaliwa. Yeye ni mungu wa kike wa elimu na maandishi, hana uhusiano wa moja kwa moja na fedha, na ibada yenyewe huitwa pia Sharda pujan, Sharda likiwa jina lake jingine. Maana yake ni kwamba kinachotukuzwa hapo si pesa zilizo kwenye droo. Ni hesabu iliyoandikwa vizuri, ambayo bila hiyo mali haijulikani ni ya nani. Ganesha huwekwa kwa sababu yeye huondoa vizuizi na huanza katika kila jambo. Lakshmi bila wenzake hao wawili huonekana kuwa bahati tu, na bahati, kama tulivyosema, haikai.

Mwaka wa hesabu wa Serikali ya India huanza tarehe 1 Aprili tangu zama za Waingereza katika karne ya 19, na mwenye kampuni yeyote leo, awe Mumbai au Nairobi, hufunga vitabu kwa tarehe za mamlaka ya kodi. Ibada haikuondoka. Siku hizi kwenye mahekalu ya Kiswaminarayan, madhehebu mojawapo ya Kihindu, utaona kompyuta za mkononi zimepangwa safu kwa safu mahali pa madaftari, kila moja imefungwa uzi mwekundu na kupakwa doa la kumkum kwenye kifuniko. Soko la hisa la Mumbai nalo, ambalo hufungwa siku hiyo ya sikukuu, hufunguliwa kwa muda wa saa moja hivi ili watu wanunue hisa za kuanzia mwaka. Desturi hiyo ilianza mwaka 1957, na wanunuzi wengi hawatafuti faida ya saa hiyo.

Sasa turudi kwenye pepo. Wafanyabiashara wa Kihindu wa mwanzo kukaa Zanzibar kwa wingi katika karne ya 19 walikuwa Wabhatia kutoka Kutch, waliosafiri na majahazi kutoka bandari ya Mandvi wakati wa kaskazi, wengine wakipitia Maskati ambako jamii zao zilikuwa na maduka tangu zamani. Kaskazi huanza kushika muda si mrefu baada ya Diwali. Mwaka wa mfanyabiashara ulikuwa unafungwa, kwa maneno mengine, katika kipindi ambacho bahari ilikuwa imetulia na safari mpya hazijaanza, na sioni sababu ya kudhani kwamba ulinganifu huo ulikuwa wa bahati nasibu. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, ilikodi ushuru wa forodha wa Zanzibar kwa Sultani kuanzia miaka ya 1830 na kuushikilia kwa miongo kadhaa; ililipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, na ziada ikawa yake. Nyumba kama hizo zilikopesha nguo, shanga na nyaya kwa wenye misafara waliokwenda Tabora na Ujiji, mikopo ambayo pengine haikurudi kwa miaka miwili au mitatu, ikirudi kwa sura ya pembe za ndovu. Katika biashara ya namna hiyo, ambayo mtaji wake wote uko porini chini ya dhamana ya maandishi, kulifungua daftari mbele ya mungu na kuandika heri kabla ya faida si pambo la sikukuu.

Waliokuja baadaye, Walohana, Wapatel na mafundi wa jamii mbalimbali, walifuata reli na barabara hadi bara, na maduka yao yakafika Kisumu, Jinja, Tabora na Mwanza. Si Wahindi wote walikuwa Wahindu, na kosa la kuwachanganya bado lipo: Waismailia, Mabohora na Waithnaasheri wa Afrika Mashariki pia wana asili ya Gujarat na Kutch, lakini ni Waislamu na Diwali si sikukuu yao. Upande wa pili, jumuiya ya Oshwal, iliyotoka vijiji vya Jamnagar na yenye nguvu sana katika biashara ya Kenya, ni ya Kijaini. Taa zao huwashwa usiku ule ule, na anayekumbukwa ni Mahavira. Sheria ya sikukuu ya Kenya huitaja Diwali kuwa mapumziko kwa wafuasi wa dini ya Kihindu. Nchini Tanzania Diwali haimo katika orodha ya sikukuu za taifa, na duka hufungwa kwa uamuzi wa mwenyewe.

Na hapo kuna jambo linalowachanganya wateja. Huwa wanatazamia duka lifungwe siku ya Diwali, wanakuta liko wazi, tena lina pilikapilika, halafu kesho yake, watu wakidhani sikukuu imekwisha, milango inafungwa. Siku ya kesho yake ndiyo Bestu Varas, mwaka mpya wa Kigujarati. Mara nyingine tithi huacha siku moja katikati, kama mwaka 2025, ambapo mwaka 2082 uliingia tarehe 22 Oktoba. Watu huamka kabla ya alfajiri, huvaa nguo mpya, huenda hekaluni, kisha huzunguka kwa wazazi na wakubwa wa ukoo kuwagusa miguu na kupokea baraka na noti mpya. Katika miji ya Gujarat vijana hupita mapema milangoni wakiuza chumvi, sabras, na nyumba hununua kidogo ili mwaka uanze na ladha. Salamu ya siku hiyo ni Sal Mubarak, maneno ya Kiajemi na Kiarabu yaliyoingia Gujarat kwa karne nyingi za biashara na utawala wa Waislamu, nayo hutamkwa na Wahindu bila mtu kuona ajabu.

Hekaluni siku hiyo ni ya Annakut, mlima wa chakula. Mbele ya sanamu hupangwa ngazi kwa ngazi vyakula visivyo na nyama wala mayai, kwenye mahekalu makubwa kama lile la Kiswaminarayan la Nairobi lililofunguliwa mwaka 1999 vikifika mamia ya aina: ladu, barfi, penda, chevda, farsani, wali wa rangi, achari, matunda. Kisa chake ni cha Krishna aliyeuinua mlima Govardhan kwa kidole kidogo ili watu na ng'ombe wajikinge na mvua ya hasira ya Indra, mungu wa mvua. Baadaye chakula hicho hugawiwa kwa wote kama prasad, chakula kilichobarikiwa. Siku inayofuata ni Bhai Beej, ambapo kaka huenda kula kwa dada yake aliyeolewa, kwa kumbukumbu ya Yama aliyemtembelea dada yake Yamuna. Ni siku fupi ya kifamilia, na kaka asiyekwenda hukumbushwa mwaka mzima.

Fataki nazo zina mjadala wake. Nyingi za India hutengenezwa katika mji wa Sivakasi, Tamil Nadu, na moshi wake, ukichanganyika na ule wa mabua yanayochomwa mashambani kaskazini, huifanya hewa ya Delhi kuwa mbaya sana siku hizo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya India iliruhusu fataki za usiku wa Diwali kwa saa mbili tu, saa mbili hadi saa nne usiku, na zile zisizochafua sana. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua. Ikumbukwe kwamba baruti ni nyongeza ya karne za karibuni. Taa za mafuta ni za kale zaidi.

Diwali hii ya mkesha wa wafanyabiashara ilisafiri mara ya pili. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka mwaka 1972, wengi walikwenda Uingereza, na mji wa Leicester ukapokea sehemu kubwa yao. Sherehe za barabara ya Belgrave katika mji huo leo huhesabiwa miongoni mwa kubwa zaidi nje ya India, na waliozianzisha ni Wagujarati waliotoka Afrika Mashariki zaidi kuliko waliotoka India moja kwa moja. Nyumbani kwa wazee wao bado mihogo huitwa mogo na karanga jugu, na ufagio wa kusafishia nyumba kabla ya Lakshmi hajafika huitwa fagio.

Jirani asiye Mhindu anayealikwa atafanya vyema kuvua viatu mlangoni na kutoleta kitu chenye mayai au nyama, keki zikiwemo. Sanduku la korosho, lozi na zabibu hupokelewa kila nyumba. Kwa Wajaini washika dini, viazi, karoti, vitunguu na kitunguu saumu haviliwi kwa kuwa huota chini ya ardhi na kuving'oa huua viumbe vidogo. Taa haizimwi kwa kupulizwa na mdomo. Nyumba iliyofiwa mwaka huo mara nyingi haisherehekei, kwa hiyo ni adabu kuuliza kwanza. Salamu ya Diwali hutolewa hadi usiku wa amavasya, na Sal Mubarak kuanzia asubuhi inayofuata hadi Labh Pancham, siku ya tano ya mwezi mpya, ambapo maduka ya Gujarat yaliyofungwa tangu Diwali hufunguliwa, na katika chopda jipya, chini ya ile piramidi ya Shri, huandikwa mauzo ya kwanza ya mwaka.